Clotilde wa Shituru, Mfuaji wa Vitambaa vya Altare

Clotilde Banza alizaliwa Kakontwe mwaka 1968, binti wa mvunja mawe ya chokaa. Mwaka 1991 alihamia Shituru kuishi na Godefroid, mfanyakazi wa kiwandani. Mahari ilitolewa na wazee wakaridhika, lakini ndoa ya kanisa Godefroid aliiahirisha mwaka baada ya mwaka. "Pete itaongeza nini?" alisema. Kwa sababu hiyo Clotilde hakuruhusiwa tena kupokea Ekaristi, na njaa hiyo ilidumu miaka ishirini na minane.

Hata hivyo hakuliacha Kanisa. Alijitolea kufua vitambaa vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa. Aliuza makala, yaani mkaa, sokoni wiki nzima, na Jumamosi alisugua mikono kwa limau hadi weusi utoke, ndipo aliposhika kitambaa. Maji ya kwanza hayamwagwi mtaroni, maana huenda yamebeba chembe ya Mwili wa Bwana. Yeye aliyamwaga chini ya mpapai wa uani, amepiga magoti. Jumapili uchovu ulimshinda, akasinzia katikati ya mahubiri.

"Mama Clotilde, weye unakuyaka ku Misa kulala?" jirani yake Philomène alimtania.

"Minye nalalaka kwa Baba yangu. Mutoto alale wapi ingine?"

Wengine walipokwenda kukomunika, alibaki kwenye benchi na watoto wadogo. Kila Pasaka alimwomba Godefroid ndoa, mara moja tu, kisha akanyamaza.

Mwaka 2019 kifua kilimlaza Godefroid. Clotilde alimwogesha, akamlisha, akaendelea kuuza makala. Jumamosi moja mgonjwa, ameketi mlangoni, alimtazama akiinama na beseni lake.

"Mama, maji machafu, unaipigia magoti?"

"Haiko machafu, Baba. Hii maji ilimugusa Bwana. Minye, miaka yote hii, sijamugusa."

Godefroid akasema, "Ita padri."

Walifunga ndoa chumbani alasiri hiyohiyo, kalisi ikafutwa kwa kitambaa alichokifua asubuhi. Clotilde alipokea Ekaristi, akaketi kando ya kitanda, akalala usingizi. Padri alikataza asiamshwe.

Alimzika Godefroid mwaka uliofuata, naye akafariki Novemba 2023. Mpapai wake huzaa hata kiangazi: Philomène husema ni muujiza, padri husema ni maji. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini wanawake wa Shituru wamempokea kuwa mfano wao. Nasi tukichoka, tusingoje nguvu zirudi ndipo tumwendee Bwana. Clotilde alimwendea amechoka, na akapokelewa.