Kivumbasi cha Bi Mize

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ambao maboga ya bibi yangu yalikataa kuzaa. Mashina yalitambaa konde zima, maua ya manjano yakafunguka kila asubuhi, lakini viboga vichanga, ukubwa wa kidole gumba, vilinyauka vikaanguka kimoja kimoja. Na Ramadhani ilikuwa haiko mbali. Futari bila ya boga la nazi, kwa bibi yangu, haikuwa futari.

Tuliishi wawili, mimi na Bi Mize, mama yake mama, katika kijiji kilicho nusu saa kwa miguu kutoka Mkokotoni. Majirani walisema konde limepigwa jicho. Bibi alikataa.

"Nyuki wamehama," alisema. "Kivumbasi kimefyekwa, wafuate nini hapa?"

Ni kweli jirani yetu alikuwa amefyeka kichaka cha mpakani ili ajenge. Wengi wanakijua kivumbasi kwa majani yake ya harufu kali yanayofukuza mbu. Lakini kile cha porini kikiachwa hurefuka kikampita mtu mzima, kikadumu miaka, na vishada vyake vikichanua nyuki hawabanduki.

Bibi akachuma vishada vikavu kando ya njia, akapukusa mbegu, ndogo mno, kama vumbi jeusi. Akachimba vishimo pale mpakani, akafukia, akatia maji wiki mbili. Hakikutoka kitu. Akapanda tena. Kimya. Jioni moja nikamsikia, amechutama peke yake, akisema polepole, "Kivumbasi hakimwotei mwenye kinyongo."

Huo ulikuwa usemi wa wanawake wa kijijini kwetu, na mimi niliuamini kama nilivyoamini kwamba kuna malaika mabegani mwangu. Nilijua pia anamfikiria nani. Alimfikiria mdogo wake, Bi Kidawa wa Mkokotoni, ambaye kwa mwaka mzima hawakusemezana.

Asubuhi yake akanimiminia mbegu kiganjani. "Panda wewe, Zuwena. Moyo wako mweupe."

Nilizifumba kiganjani, nikijua si mweupe. Mwaka uliotangulia, mume wa Bi Kidawa alipofariki, bibi alikuwa kitandani, homa imemlaza hata kusimama hawezi. Akanituma nikamwambie mdogo wake kwamba anaumwa, atakuja akipata nafuu. Nilifika mpaka mlangoni. Nikasikia vilio vya wanawake, vilio ambavyo sijawahi kuvisikia, nikageuka nikakimbia. Nyumbani bibi aliponiuliza nikajibu, "Nshawaambia."

Siku ya tatu bibi akajikongoja akaenda hitimani. Bi Kidawa, mbele za watu, akamwambia, "Umekuja kula pilau, dada?" Bibi akarudi bila ya kukaa. Aliamini mdogo wake kamtukana huku akijua alikuwa mgonjwa. Na yule aliamini dada yake hakujali msiba wake. Ukweli niliujua mimi peke yangu, na mimi nilinyamaza.

Nikapanda. Nilichimba vishimo kama nilivyomwona bibi akichimba, nikafukia vizuri, nikasoma Fatiha. Kila alfajiri nilikwenda kuinama pale. Siku ya kumi ardhi ilikuwa tupu vile vile, na nikahisi inanijua. Sijapata kuogopa kitu kama nilivyouogopa ule udongo mtupu.

Nikamkuta bibi jikoni anamenya muhogo. "Bibi, sikumwambia," nikasema.

"Hukumwambia nani?"

"Bibi mdogo. Sikuingia ndani. Niliogopa."

Kisu kikasimama. Nilisubiri kofi, halikuja. Akanawa mikono, akavaa buibui, akanishika mkono, tukashika njia ya Mkokotoni.

Bi Kidawa alipofungua mlango, bibi akanisogeza mbele. "Sema." Nikasema yote, nikitazama miguu yake. Bi Kidawa akakaa kwenye baraza taratibu.

"Ulikuwa unaumwa, dada?"

"Sikuweza hata kusimama."

Akanigeukia. "Ulikuwa na miaka mingapi wewe?"

"Minane."

"Minane," akarudia, akimtazama bibi. "Na sisi tuna mingapi?"

Walianza kucheka, kisha kicheko kikawageukia kilio, nami nikasimama katikati yao nisijue nifanye nini.

Wiki ile ile Bi Kidawa alikuja kwetu. Yeye alikuwa akiotesha kivumbasi katika makopo mlangoni kwake, kwa ajili ya mbu. Bibi hakuwahi kukiotesha; kwetu kilikuwa kikijiotea. Alipoona vile vishimo akapiga kelele. "Mmezizika! Mbegu hii haitaki kaburi, inataka kuliona jua." Akatifua udongo, akanyunyiza mbegu juu juu, akazikandamiza kwa kiganja, akarashia maji kwa vidole.

Siku ya saba udongo ulikuwa umeota miche midogo, kama ukungu wa kijani.

Baada ya miezi vivumbasi vikanipita urefu. Asubuhi moja Bi Kidawa aliita kutoka kondeni, "Zuwena!"

"Naam!"

"Njoo. Usikimbie."

Nilisikia kabla ya kuona. Mpaka mzima ulikuwa ukivuma. Nyuki wadogo, wale weusi wakubwa wanaotoboa boriti, vipepeo, wote juu ya vishada vile vidogo visivyo na uzuri wowote. Nilijiona nimesamehewa mbele ya mashahidi wengi. Maboga tuliyopanda msimu huo yalizaa mpaka tukagawa.

Leo naishi Mji Mkongwe, na najua mbegu ile huota ikipata mwanga. Tungezifukia kwa mioyo safi namna gani, zisingetoka. Hata hivyo siwezi kuucheka usemi ule. Hakuna mtu aliyekuwa akinishuku, wala aliyenihoji. Ni hofu ya udongo mtupu iliyonifungua mdomo.

Bibi aliishi miaka minane baada ya pale. Siku alipofariki, aliyemuosha ni Bi Kidawa. Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo, nikimsikia ndani akizungumza naye kwa sauti ndogo, kama wasichana wawili wanaokoga pamoja.