Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Mlango wa nyuma wa kushoto wa gari langu haufunguki kwa ndani. Siri hiyo tuliijua watatu: mimi, fundi wangu wa Mlowo, na mwenzangu wa kazini niliyempa lifti kila asubuhi kutoka Vwawa hadi Tunduma kwa miaka mitatu.

Gari lenyewe ni dogo, la dizeli, na limetembea mpaka mita ya kilomita ikaganda. Asubuhi za baridi huwezi kuliwasha kwa pupa. Unafungua swichi, unasubiri taa ya njano izime, ndipo unapiga stata, nalo linakohoa moshi unaofunika ua mzima. Hendeli ya kuzungushia vioo ni moja kwa milango yote. Inakaa kwenye droo ya dashibodi. Anayetaka hewa anaiomba, anaipachika, anazungusha, anairudisha.

Kwa kuwa alinizidi umri, mwenzangu alikaa kiti cha mbele miaka yote hiyo, na hendeli aliitunza yeye. Malori yanayokwenda Zambia yakijipanga kuanzia Mpemba, nilikuwa nashusha gari pembeni ya lami, kwenye vumbi, na kuyapita, naye alikuwa akisema gari hili halina makuu.

Kisha akanunua lake, jeupe, la petroli, lililokaa chini. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni hafla ya ofisi, aliposimama kuchangamsha watu. Alisema kwenye gari la yule dada unaomba kushuka kama mwanafunzi anayeomba kwenda msalani, na ukitaka kufungua kioo unaandika barua. Watu walicheka mpaka soda zikawatoka puani. Akamalizia kwa kunibatiza Mama Moshi.

Jina likashika. Mlinzi alilitumia. Madereva wa Kizambia wanaoleta hati za mizigo dirishani kwangu wakaanza kuuliza Mama Moshi yuko wapi. Kabla ya hapo wote waliniita dada. Nilitaka heshima hiyo irudi, tena irudishwe na mdomo uleule ulioichukua.

Nilipopeleka gari kubadilisha filta, fundi aliniambia mlango ule una kichuma tu kilichochomoka, angekirudisha kabla sijamaliza chai. Nikamwambia auache.

"Sasa abiria watashukaje, dada?"

"Watashuka nikiwafungulia."

Haikuchukua muda. Siku moja ya foleni mwenzangu naye alishusha lake kwenye vumbi, kama alivyozoea kuniona nikifanya, na jiwe likapasua tangi la oili chini ya injini. Jioni akanipigia simu kwa sauti laini: kesho angenisubiri stendi.

Asubuhi nilimpitia kwanza mama wa mapokezi, ambaye siku hizi ndiye hukaa mbele. Alikuta madumu ya maji ya rejeta nimeyahamishia kiti cha nyuma, upande wa kulia. Akauliza kama buti limejaa. Nikamjibu halijajaa. Hakuuliza tena.

Stendi, mwenzangu alikuja na tai yake, mkono umeshanyooka kuelekea mlango wa mbele. Akamwona mama, akamwamkia, akasimama kama anayesubiri mtu apishe.

"Marahaba, baba," mama alisema. "Zunguka nyuma."

Akakaa kushoto, palipobaki. Njia nzima alisimulia habari za mafundi wezi.

Tulipofika ofisini, wenzetu walikuwa kwenye benchi la nje wakinywa chai. Mama akashuka. Mimi nikashuka, nikachukua mkoba, nikatembea. Nilikuwa nimefika kwa mlinzi niliposikia kioo kikigongwa.

"Mama Moshi, nifungulie bwana."

Nikamuuliza mlinzi kama hapa kazini kuna mtu wa jina hilo. Aliangalia viatu vyake, akasema hayupo. Benchi zima likageuka. Kulia madumu yalimzibia mlango; angeweza kuruka viti akatokea mbele, lakini mtu mwenye tai haruki viti mbele ya wanaokunywa chai. Aligonga tena. Mtu mmoja akacheka, wa pili akadakia. Niliwatazama mmoja mmoja, maana ndio waliocheka siku ya hafla, nikaona kicheko kilivyo rahisi kuhama. Nikasubiri.

"Dada," hatimaye sauti ilitoka nyuma ya kioo, "naomba unifungulie mlango."

Nikarudi, nikafungua. Nikamwambia karibu, kaka.

Jioni alinikuta nimeshawasha gari. Alikwenda nyuma bila kuambiwa. Jua lilikuwa upande wake na vioo vyote vimefungwa. Tulipopita Mpemba aliomba, kwa adabu kabisa, hendeli ya kioo.

Mama akafungua droo, akaishika hendeli, akanitazama. Mimi nilitazama barabara. Akairudisha, akafunga droo taratibu, akaanza kuulizia bei ya mahindi.