Mlango wa Mama Loshoro

Wiki iliyopita watu wa mipango walikuja mtaani kwetu Sombetini, wakatukusanya kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Walisema jiji linakua, njia za daladala zinapangwa upya, na kila kituo kitasimikiwa nguzo yenye jina lake. Dada mmoja kijana, ameshika kishikwambi, akauliza, "Hapa kwenu kituo kinaitwaje?"

Watu wakajibu kwa pamoja, "Kwa Mama Loshoro!"

"Ni nani huyo?"

Wengi waliokuwa pale wamehamia juzijuzi. Mwishowe kijana wa bodaboda akasema, "Ni mama mmoja alijenga kwenye hifadhi ya barabara, akavunjiwa. Ndo jina likabaki."

Yule dada akaandika. Kisha akasema kwamba basi jina hilo halifai, jiji haliwezi kumwekea nguzo mvamizi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tofali, mstari wa pili, na katika uwanja ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kuwa yule mama hakuvamia kitu. Sikunyoosha mkono.

Ndiyo maana leo naandika, rafiki yangu utakayesoma. Shule niliishia darasa la saba, na daftari hili huwa naandikia habari za mvua na kuku. Sijui kama hili nitaliandika kwa haki. Nitajaribu nisijipendelee, na pia nisijilaumu kupita kiasi, maana nimegundua hata hilo la pili lina utamu wake.

Nililelewa na bibi yangu, mama mzaa mama, Mmeru aliyeshuka kutoka migombani kuja kutafuta maisha mjini. Barabara yetu wakati ule ilikuwa ya udongo. Kiangazi tulikula vumbi, masika viatu tulivibeba mkononi. Asubuhi niliamshwa na punda wa maji waliokuwa wakigonganisha madumu, halafu ufagio wa bibi uani, halafu sauti ya Mama Loshoro akiita wateja kwenye kona. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, ya tofali za saruji, na aliijenga mwenyewe taratibu kwa kuuza loshoro. Msimu huu mabati mawili, msimu ujao dirisha. Mlango ndio aliojivunia, mlango wa mbao ngumu aliochongesha kwa fundi.

Loshoro yake sijaipata tena mahali popote. Mahindi yaliyokobolewa aliyachemsha tangu jana yake mpaka yakalainika, akayachanganya na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, ukinywa unasikia moshi kwa mbali. Vibarua wa ujenzi walipanga foleni na vikombe, bodaboda nao, wote wakimwita Yeyo, kama Waarusha wanavyomwita mama. Yeye alimtania kila mtu. Aliyenyoa vibaya alisikia, aliyegombana na mkewe alisikia.

Zamu yangu ilifika nikiwa darasa la tano. Nilikuwa bado nakojoa kitandani. Bibi alianika godoro langu nyuma ya nyumba, lakini nyuma ya nyumba yetu ndiko kulikotazamana na foleni ya Mama Loshoro, ng'ambo ya barabara. Asubuhi moja nimefika na kikombe, nimevaa sare, akasema kwa sauti, "Mpisheni kikojozi wangu apite! Mwanangu, leo godoro linasemaje, limekauka au bado linaogelea?"

Vibarua walicheka mpaka mmoja akamwaga loshoro yake. Nyuma yangu walikuwepo watoto wawili wa darasa letu. Kufika saa nne, shule nzima ilikuwa inaniita Kikojozi. Waliniwekea ndoo chini ya dawati. Mwalimu alipoona ile ndoo naye alicheka, kidogo tu, akageukia ubao.

Lazima niseme pia kwamba asubuhi ile Mama Loshoro alinijazia kikombe mpaka juu, kama alivyofanya kila siku, na hakuwa na ubaya wowote. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua kicheko tu.

Muda si mrefu wakaja wapimaji. Walikuwa na ile darubini ya miguu mitatu, wakachomeka mambo, vile vigingi vya mbao vyenye kichwa chekundu, kandokando ya barabara, wakasema lami inakuja, na kwamba daladala zitafika mpaka kwetu. Watu walishangilia. Nyuma yao wakafuata wapaka rangi, wakichora alama ya X kwenye kuta. Mwalimu alitueleza darasani: X ya kijani, barabara imekufuata wewe, utalipwa, X nyekundu, wewe umeifuata barabara, hulipwi, unabomoa mwenyewe au unabomolewa. Pembeni ya kila X waliandika namba. Nyumba ya Mama Loshoro waliitazama, wakapima mara mbili, wakaipita bila kuigusa. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Jioni wapaka rangi waliomba maji kwa bibi. Walipoondoka waliacha kopo lenye rangi kidogo ya mwisho na brashi iliyokakamaa. Ilikuwa nyekundu. Ingekuwa kijani ningeipaka kijani, sikuchagua.

Siku ya pili, mchana, Mama Loshoro alikwenda Kilombero, soko la hapa mjini, kununua mahindi. Nilivuka barabara na lile kopo. Ukuta ulikuwa na plasta ya kukwaruza, brashi ikakataa, kwa hiyo nikapaka mlangoni. Mistari miwili. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Nilifikiri ataogopa usiku mmoja, watu watamcheka, kesho wapimaji watamwambia si wao, basi. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Wapimaji hawakurudi. Walishahamia upande mwingine wa mji.

Mama Loshoro alirudi na gunia begani kwa mbeba mizigo. Alisimama mbele ya mlango muda mrefu, hata mbeba mizigo akauliza, "Yeyo, nitue wapi?" Watu wakaanza kukusanyika, na hapo ndipo niliwajua watu. Wale aliowatania miaka yote walipata siku yao.

"Yeyo, barabara inapita jikoni kwako, utauzia lami loshoro?"

"Si ulikuwa unatucheka? Leo godoro lako litaanikwa wapi?"

Mjumbe wa mtaa akaitwa. Mama Loshoro alimuuliza swali ambalo lingeokoa kila kitu: "Mbona yangu iko mlangoni, na haina namba?"

Mjumbe akaigusa ile rangi kwa kidole. Akasema, "Namba ni za watu wa kulipwa, mama. Wewe ni nyekundu." Lakini nyumba ya tatu kutoka pale ilikuwa na X nyekundu na namba yake pembeni, na mjumbe alikuwa ameshaiona. Sidhani kama alidanganya kwa makusudi. Nadhani hakutaka kuonekana hajui.

Kwa nini hakwenda ofisini kuuliza? Nimejiuliza sana. Kwetu watu waliamini kwamba ukienda kuulizia nyekundu unajikumbusha, wanakuja kwako kwanza, na katapila likifika halibagui bati wala mbao. Mwenye akili anavua nyumba yake mwenyewe mapema, aokoe mabati. Ndivyo watu wa hapa walivyofanya, na ndivyo alivyofanya. Siku ya tatu aliita fundi.

Bibi akaniambia, "Nenda kamsaidie jirani." Kazi ya watoto ilikuwa kunyoosha misumari. Misumari ya bati ikishang'olewa inakuwa imepinda kama mdudu. Unaiweka juu ya jiwe, unaigonga kwa nyundo taratibu huku unaigeuza, mpaka inyooke itumike tena. Nilikaa pale tangu asubuhi na kopo la misumari miguuni. Juu yangu mabati yalikuwa yanalia yakivuliwa. Mpaka saa sita nusu ya paa ilikuwa imebaki, na ningeweza kusema.

Mama Loshoro akaja akachuchumaa karibu yangu na kikombe cha loshoro. Siku ile alipika sufuria moja kwa ajili ya mafundi na sisi watoto, hakuuza. Akaokota msumari mmoja niliounyoosha, akauangalia kwenye mwanga. "Una mkono mzuri wewe," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nilikutania sana mwanangu. Nimesikia shuleni wanakuita vibaya. Usiniweke moyoni. Sasa na mimi nimeona inavyokuwa."

Nilikuwa na loshoro mdomoni. Nikameza. Nikasema, "Asante, mama."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, hayo mawili tu, nikachukua msumari mwingine.

Mchana ule ule bibi aliona wekundu chini ya kucha zangu. Hakuuliza. Alileta mafuta ya taa na kitambaa, akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka ngozi ikawaka. Bibi yangu alikuwa mzee wa kanisa, na jirani yake alikuwa akikusanya mabati yake umbali wa kurusha jiwe. Akaniambia, "Ukisema, watatubomolea na sisi, kisha watatudai tumlipe. Nyamaza." Nusu ya paa bado ilikuwepo, narudia. Simlaumu sana. Alikuwa peke yake na mimi, na nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo. Lakini siwezi kuandika kwamba hakujua.

Mama Loshoro aliondoka na kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo: mabati, mbao, dirisha, kopo la misumari, na mlango umelazwa juu, X inatazama mawingu. Alikwenda kwa ndugu zake Maji ya Chai, nje ya mji. Wale wateja wake walisaidia kusukuma gari lilipokwama, wakiimba na kupiga mluzi. Tofali zilizobaki ziliisha ndani ya wiki moja. Asubuhi ukiamka, ukuta umepungua.

Kisha katapila likaja. Tulitoka wote kulitazama. Lilichimba kwa kufuata zile mambo, likapinda kwenye kona, likapita. Kutoka ukingo wa mtaro mpaka pale ulipokuwa mlango, mtu mzima alihesabu hatua saba. Watu wakatazama zile hatua saba. Mjumbe akasema labda wamebadilisha ramani. Kila mtu akashika hilo, wamebadilisha ramani, na habari ikaishia hapo.

Kwa kuwa kiwanja kilikuwa wazi, daladala zilipoanza kuja zikawa zinageuzia pale, makonda wakiita "Kwa Mama Loshoro, mwisho wa gari!" Kituo chetu ni sebule yake. Nimepandia gari sebuleni kwake miaka yote hii. Nimepanda kwenda kujifungua, nimepanda kwenda kumzika bibi.

Basi juzi, baada ya ule mkutano, nilikwenda Maji ya Chai. Nilishuka sokoni penye ndizi na nyanya, nikauliza, mtoto akanionyesha. Niliujua mlango kabla sijaiona nyumba. Ile rangi imekuwa ya kahawia, lakini ipo, mistari miwili, mmoja mrefu kuliko mwenzake, na inaanzia chini, kwenye kimo cha mtoto. Mtu yeyote angeona ni mkono wa mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?" Macho yake yameingia ukungu. Nikajitaja. Akacheka kwa sauti ile ile ya kwenye kona. "Kikojozi wangu! Pita, pita. Umezaa? Na wao wanakojoa?"

Nilikaa. Nikaulizwa habari za watu, wengi wamekufa. Nikauliza kwa nini hajawahi kuupaka rangi ule mlango. Akasema, "Ule ni ushahidi wangu. Siku serikali ikija kuniuliza nani alinitoa mjini, nitawaonyesha maandishi yao."

Nikasema. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, yakapotea yote, nikasema tu, "Mama, ile alama niliipaka mimi. Kwa rangi waliyoisahau kwa bibi. Kwa sababu ya yale matani."

Mkono wake ulitafuta kiti, ukakishika. Nilisubiri anitukane, na Mungu anisamehe, nilikuwa natamani anitukane, nitoke pale nimelipa.

"Hapana," akasema. "Usinidanganye mwanangu. Waliipaka watu wa serikali."

"Mama, ni mimi. Iko mlangoni, haina namba…"

"Nimesema hapana!" Sauti ilipanda, ikavunjika. "Mimi nililipanda lile paa kwa miguu yangu. Niling'oa kwa mikono hii. Nisingebomoa nyumba yangu kwa mchezo wa mtoto. Nisingeweza. Umesikia? Kwa hiyo si wewe."

Nikasema nimesikia.

Akatulia. Akamwita mjukuu wake aniletee kikombe. Loshoro ilikuwa ya maziwa ya pakiti, haina moshi, maana vibuyu, alisema, siku hizi nani anafukiza. Nilikunywa yote. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni akipapasa ukuta, na pale mlangoni mkono wake ukapita juu ya ile X, polepole, kutoka juu mpaka mwisho wake wa chini. Ilibidi ainame kuufikia. Alibaki ameinama kidogo, kisha akasema niende salama.

Sijui kama nilifanya vizuri kumwambia. Nilipokuwa nakwenda nilidhani nampelekea haki yake. Sasa naona labda nilimvulia paa mara ya pili.

Leo wamesimika nguzo kituoni. Jina jipya, herufi nyeupe, limetoka kiwandani. Jioni konda mmoja kijana alilisoma kwa kujifunza, akakosea, abiria wakamsahihisha kwa kucheka. Mimi nilishuka na wenzangu, nikavuka sebule, nikaenda nyumbani. Zile hatua saba nazipita kila siku, na tangu leo hakuna anayeziita kwa jina la mtu.