Mikono kumi ya farasi

Leo nimepima urefu wa farasi mpaka ukuta ukaisha.

Ng'ombe wetu wa kulima walikufa. Tumebaki na mtoto wa farasi, tuliyeachiwa na mzungu aliyehama. Mzee Okeyo, aliyetunza farasi wa wazungu, akampima miguu kwa kamba.

"Akikomaa atafika mikono kumi."

Nikapima ukutani, kiwiko hadi ncha ya kidole. Wa tano ukagusa paa! Nikamwambia mwanangu Akinyi mgongoni, huyu atatulimia eneo lote la Uriri.

Mzee akacheka. "Nyar Karungu, binti wa Karungu, mkono wa farasi ni upana wa kiganja tu."

Nikapima upya. Wa kumi ukaishia kiunoni kwangu.

"Na plau?" nikauliza.

"Hataiweza."

Mvua imeshaanza. Dada zangu mnaosoma haya, nani ana ng'ombe wa kuniazima, hata waliozeeka, hata kwa asubuhi moja?