Wifi Yangu na Mbio za Hamira

Wifi yangu ni mnene, tena unene wa haki, wa kiuno na mikono, si ule wa kufichwa ndani ya gauni pana. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kila nikimwambia mtu kwamba wifi yangu anakimbia mbio ndefu, mtu huyo hucheka kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nimeshagombana na wengi kwa kicheko hicho. Wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi, najua, lakini mimi ni wifi yake, nina ruhusa. Wewe huna.

Ameolewa na kaka yangu, na sisi watatu tunaishi kwa mkate. Yeye anakanda na kuoka, kaka anasambaza madukani kwa pikipiki yenye kasha la mbao nyuma, na mimi nauza dirishani kwa sababu nina mdomo. Chumba cha kuokea kina tanuri la matofali upande mmoja, meza ndefu iliyolika katikati, na beseni kubwa la bati ambalo wifi hulifunika kwa kitambaa chenye unyevu kila akimaliza kukanda. Halafu anasubiri unga uumuke. Zamani akisubiri alikuwa anakaa kwenye gunia la ngano na kunisema mimi.

Mbio zilianza na mwavuli. Mteja mmoja aliusahau dirishani, wifi akauchukua, akatoka na ndala zake kumfuata. Nikasema moyoni, huyu akifika pale kwenye kona atarudi ameshika mbavu. Weee! Alimkimbilia yule bwana hadi kituo cha basi, akampa mwavuli wake, akarudi mbio vilevile, jasho linamtiririka hadi shingoni. Akaegemea meza na kuniambia, "Wifi, nimesikia raha mimi."

"Raha ya nini? Ya kufukuza waume za watu barabarani?"

"Ya kukimbia, mjinga wewe."

Kesho yake hakuna aliyesahau kitu, naye akakimbia hivyo hivyo.

Mpaka leo havai saa. Saa yake ni unga. Anakanda, anafunika beseni, anafunga kamba za viatu, huyoo. Anachukua barabara ya tangi la maji, analizunguka tangi, anarudi, na akifunua kitambaa unga umejaa hadi ukingoni, haujamwagika wala haujapungua. Ukimuuliza anajuaje muda, anajigonga kifuani na kusema, "Ninausikia hapa." Mafundi wa maji walimwambia kwamba kwenda tangini na kurudi ni kilomita kumi na nne. Basi kichwani mwake unga mmoja ukawa kilomita kumi na nne, na hesabu hiyo hakuna aliyeweza kumtoa.

Kila mwaka hapa kwetu kuna mbio za kilomita arobaini na mbili. Mwaka juzi alijiandikisha bila kutuambia. Alianza vizuri, akachoka, akaanza kutembea, na likaja lile basi linalofuata nyuma kuokota waliochelewa kabla barabara hazijafunguliwa. Akapanda. Basi lenyewe lina madirisha makubwa, na linapita katikati ya watu wote waliojipanga kushangilia, likiwa na watu waliojiinamia. Mimi na kaka tulikuwa pale mwisho, tukamwona anashushwa kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mikate ya wiki ile ilitoka haina chumvi, wateja wakanilalamikia mimi.

Siku moja tunapanga trei nikamwambia, kwa utani tu, aachane na mambo hayo, kwani nani amemlazimisha. Hakucheka. Aliendelea kupaka mafuta ile trei, iliyokuwa imeshapakwa, halafu akasema:

"Wifi, mimi shule niliacha nilee wadogo zangu. Ushonaji niliacha tumbo lilipokuwa kubwa, na mtoto mwenyewe akaenda zake. Kitu ninachomaliza mimi ni mkate, na mkate unaliwa. Nataka kitu kimoja nikimalize kibaki. Ule mstari nitauvuka kwa miguu yangu, basi lao silipandi tena."

Nilimwambia tu asogeze trei. Nampenda yule mwanamke, nadhani hata kaka yangu simpendi hivyo, na kaka akisoma hapa na asome.

Mazoezi yakawa ya kweli. Jumapili hatuoki, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya mbio ndefu. Lakini mbio ndefu atazipimaje bila unga? Akabuni mtindo wake. Anakanda donge la kula sisi wenyewe nyumbani, anakimbia, akirudi limeumuka. Analibonyeza lishuke, anakunywa maji, anatoka tena. Likiumuka mara ya pili anarudi, analibonyeza, anatoka mara ya tatu. Unga mara tatu, kumi na nne mara tatu, arobaini na mbili. Wakati huo barabara ya tangi ilikuwa imechimbwa mitaro ya mabomba, akahamia barabara ya viwandani, ndefu, imenyooka, kuta tupu huku na huku. Pale hakuna tangi la kuzunguka. Kifua kikimwambia geuka, anageuka, na akirudi unga uko ukingoni. Anafunua kitambaa, ananiita, "Umeona? Sawasawa kabisa!"

Nami nikawa naona, nasifu. Tena ule mkate wa Jumapili ulikuwa laini usiombe.

Siku moja kaka akaingia na uso wa mtu mwenye habari mbaya. Alikuwa amempita mkewe barabarani mara zote tatu, akatazama alipogeukia, kisha akapima.

"Mke wangu, nisikilize bila kukasirika. Ukijumlisha zote, hata thelathini na mbili hufikishi."

"Umepima na nini?"

"Na mita ya pikipiki."

"Mita ipi? Hii inayotuambia tuna petroli kila siku tunapoisukuma?"

Nikacheka hadi nikakaa. Kaka akajaribu kueleza kwamba mshale wa petroli ni kitu kingine na mita ya kilomita ni kitu kingine, lakini ungemsikiliza nani, mwenye pikipiki ya kusukuma au mwanamke anayetoka na kurudi na unga haumwagiki? Kaka akaenda kufunga kasha lake. Ndivyo alivyo, hasukumi neno mara mbili.

Siku ya mbio ikafika. Wifi akavaa fulana ya njano, namba kifuani, kichwa amekifunga kitambaa kilekile cha jikoni. Tukamsindikiza hadi mahali pa kuanzia, nikamkazia pini za namba utadhani ninayekimbia ni mimi. "Nenda polepole," nikamwambia. "Usiwafuate hao wembamba, hawajui kukanda." Akanibusu shavuni, akapotea katikati ya watu.

Yaliyotokea njiani alinisimulia yeye, na kila akisimulia anajipiga paji la uso. Anasema sehemu kubwa ilikuwa tamu. Alikuwa nyuma, lakini alikuwa anakimbia, basi hata halionekani, watu wanamwita mama twende mama. Unga wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu nao ukaenda ukaisha, kifua kikamwambia tumefika nyumbani, miguu ikasikia habari hiyo na kulegea yote miwili kwa pamoja. Akainua macho atafute mstari. Akaona kibao cha kilomita thelathini na moja.

Pale pale, katikati ya barabara, ndipo akili ilipomrudia. Akashika kichwa na kupiga kelele, "Mara ya pili unaumuka haraka! Jamani, mara ya pili unaumuka haraka!"

Waliokuwa wanagawa maji wakadhani jua limempanda kichwani. Lakini kila anayeoka anajua, hata mimi wa dirishani najua: unga ukishaumuka mara moja ukaubonyeza, mara ya pili hauchukui muda kama ule wa kwanza, na ya tatu ndiyo kabisa. Mwanamke ameoka maisha yake yote! Kila Jumapili alikuwa anakimbia mbio ndefu, kisha fupi, kisha fupi zaidi, anarudi anafunua kitambaa na kujipongeza. Na mimi pembeni napiga makofi. Wajinga wawili.

Akaanza kutembea. Basi likamfikia. Bwana mmoja akafungua mlango na kumwambia kwa upole, "Panda mama, barabara inafunguliwa."

"Nikikataa?"

"Ukikataa unarudisha namba, unapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, unakuwa mpita njia kama wengine."

Wifi akazitoa pini zile, moja moja, akampa namba yake. "Namba ni yenu. Miguu ni yangu."

Sisi kule mwisho hatukujua lolote. Watu wakaja, wakapungua, wakawa mmoja mmoja. Halafu basi likaingia. Kaka akasimama mlangoni akiwatazama wanaoshuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka basi likabaki tupu. Akamuuliza yule bwana kama hakumwona mama mmoja mwenye fulana ya njano.

"Yule wa unga? Amekataa kupanda. Yuko mbali huko, ndugu, tena anatembea."

Kaka hakuniaga. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki yake, ikagoma, akaipiga teke, ikawaka, akaondoka.

Nikabaki peke yangu nikitazama watu wanavunja kila kitu. Viti vikapakiwa. Lango la kumalizia, lile la kujazwa upepo, likalegea na kulala chini. Kipaza sauti kikazimwa. Kulikuwa na mkanda mpana wa mpira uliotandazwa barabarani kutoka upande huu hadi upande ule, ndio mstari wenyewe wa kumalizia, na wanaume wawili wakaanza kuukunja kuanzia ule upande wa pili. Nikawaambia bado kuna mtu njiani. Mmoja, mwenye kizibao cha kijani, akaniambia matokeo yameshafungwa.

"Matokeo kayaleni. Mimi nataka mstari."

"Mama, muda umekwisha. Magari yanapita sasa."

Ni kweli magari yalikuwa yanapita upande wa pili. Upande wangu yalikuwa hayajafika bado. Basi nikafanya nini? Nikakaa. Na gauni langu zuri, mkoba mapajani, nikakaa juu ya ule mkanda pale unapogusa njia ya miguu. Wakaukunja hadi ukanifikia, wakasimama.

"Mama, inuka."

"Sinyanyuki."

"Mama, tuna familia, tunataka kwenda nyumbani."

"Na mimi familia yangu iko barabarani! Nivuteni kama mna nguvu."

Wakanitazama, wakatazamana, wakapima kazi yenyewe. Mwenye kizibao akawasha sigara na kukaa juu ya mkanda uliokwisha kukunjwa, mgongo wake kwangu. Tukakaa hivyo muda mrefu, jua likatuhama. Nilianza kulia bila sauti. Nilikuwa na hasira na unga, na mita ya pikipiki, na wasichana wembamba wote duniani, na nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba kaka atatokea naye amembeba nyuma, kwa huruma yake, na kwamba mimi nitalazimika kumwambia si kitu.

Wakatokea kule mwisho wa barabara. Kwanza niliona fulana ya njano, inayumba. Halafu nikamwona kaka, na sikuelewa ninachokiona. Alikuwa anatembea pembeni ya mkewe anaisukuma pikipiki, na kasha lake la mbao, jasho limemlowesha hadi miguuni. Nikadhani imezimika tena. Haikuwa imezimika. Alipomfikia, wifi alimwambia, "Izime hiyo. Nikiisikia inanguruma nitapanda." Naye akaizima, na kutoka hapo akaisukuma, njia yote iliyobaki, milima na miteremko, asimwambie neno ila "mimi nipo."

Walipokaribia, wifi aliacha kutembea. Akaanza kukimbia, au tuseme akaanza kitu ambacho kwake ndicho kilikuwa kukimbia siku ile, miguu haipandi zaidi ya unene wa kitabu. Kaka akabaki nyuma makusudi. Yule mwenye kizibao akatupa sigara yake na kusimama. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi pale chini, mdomo wazi.

Akanifikia, akasimama mbele yangu anahema, chumvi imemkauka mashavuni.

"Sogea wifi," akasema. "Umekalia mstari wangu."

Nikasogea. Akainua mguu mmoja akauvusha, akaufuatisha wa pili. Halafu akasimama upande ule akitazama kushoto na kulia, maana hapakuwa na lango, wala saa, wala mtu wa kumvisha medali, barabara tupu tu na wanaume wawili waliochoka.

"Nimemaliza?" akaniuliza.

"Umemaliza."

Hakuniamini. Akamtazama kaka, akamtazama yule mwenye kizibao, akarudi kwangu na kuniuliza tena, kwa sauti ndogo sana, kama amemaliza kweli. Nikainuka, nikamkumbatia na jasho lake lote, nikamwambia kwa sauti ya dirishani, ile ya kuita wateja, mtaa mzima ukasikia: umemaliza, wifi, umemaliza.