Hewa ya Mtoto wa Senge

Kama kuna kazi isiyotaka ushauri wa jamaa, ni kupanga hewa ya dharura. Mimi ni mzamiaji. Navaa mashine inayosafisha pumzi yangu na kunirudishia niivute tena, kwa hiyo huko chini hakuna mapovu wala kelele. Unajisikia ukimeza mate. Mashine ikigoma, kinachobaki ni mtungi wa akiba ubavuni, nao lazima ukutoshe hadi juu, maana unapanda polepole, ukisimama njiani ili mwili uzoee. Ukikosea kuupanga, hakuna wa kumlalamikia.

Mtoto wa senge yangu, dada wa baba, alizama kwenye timbo la zamani la mawe upande wa Saboti. Lilijaa maji tangu tukiwa wadogo. Watu walimtafuta kwa kamba na ndoano wakachoka. Nyumbani Bungoma wazee walikuwa wameshakata mgomba, kwani kwetu mtu asipopatikana, shina la mgomba huzikwa mahali pake, ndani ya jeneza, likaliliwa. Senge alikataa katakata kulilia mgomba. Akanipigia simu, nikafika Kitale na vyombo vyangu.

Asubuhi pale ukingoni nilikuwa napanga mitungi na mwenzangu, yule ambaye angenishikia kamba. Senge akaja akasimama juu yetu, shuka mabegani.

"Hewa hii ni ya nani?"

"Yangu, senge. Mashine ikiharibika."

"Na yake?"

Nilimtazama mwenzangu, naye akatazama maji.

"Senge, yeye haihitaji."

"Ati haihitaji? Aliingia huko bila hewa, hawezi kutoka bila hewa. Utamfungia yake kwa kifua, ama usiingie."

"Si ubebe tu, bana," mwenzangu akaninong'oneza.

Nilikasirika. Mtungi wa ziada ni mzigo, na hesabu yangu ilikuwa safi: niliipiga kwa pumzi zangu za kawaida, za mtu aliyetulia. Niliubeba kwa heshima tu, mdomo nimeubetua.

Chini kulikuwa na giza la matope. Tochi ilinionyesha kiganja changu na si zaidi sana. Nilimpata ameketi, mgongo kwenye ukuta wa mawe, kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilimfunga kamba, nikaubana mtungi wake kifuani pake, nikafungua hata vali, kwa sababu sauti ya senge haikunitoka masikioni. Nilijiona mjinga.

Tulipoanza kupanda, kichwa kikaniuma na pumzi zikakimbia zenyewe. Mashine ilikuwa inanirudishia hewa chafu. Nikahamia mtungi wangu wa akiba. Lakini mtu aliyevuta hewa chafu hapumui kama mtu aliyetulia. Anaigugumia kama ng'ombe aliyeshinda juani. Mshale wa geji ya hewa ulikuwa ukishuka nikiutazama. Mpango wangu ulisema wazi kwamba mambo yakiharibika, maiti inaachwa, na moyoni nilikuwa nimeshamwacha. Ndipo mtungi ukakauka, mwanga ukiwa bado mbali.

Hewa iliyobaki ilikuwa kifuani pake. Nilijaribu kuufungua ule mtungi. Kishikizo cha mtungi kilikuwa kimenasa kwenye jaketi lake na vidole vyangu vilikufa ganzi. Basi nikatia mdomoni kidomo chake cha kupumulia, nikamkumbatia, uso wangu karibu na wake, tukapanda hivyo. Mahali pa kusimama, tulisimama wote wawili. Nilipotoa pumzi, mapovu yalimpita shavuni. Mara moja nilisikia kifua chake kikiinuka pamoja na changu. Najua ni maji. Nilifumba macho hata hivyo.

Tulipotoka, mwenzangu alinivua mashine, nikatapika kwenye nyasi. Senge alimfunika mwanawe kwa shuka lake, akapiga simu Bungoma kusema mgomba utupwe. Kisha akaushika ule mtungi, akaitazama geji. Mshale ulikuwa umelala mwisho.

"Imeisha," akasema.

"Ni mimi nimeivuta, senge. Bila hiyo singetoka."

Akanipangusa matope mdomoni kwa kiganja chake, macho yake yakiwa kwa mwanawe chini ya shuka.

"Najua. Nilimwambia asikuache huko."