Mukono wa Kuita Ndege

Mie ni mutu wa hasira, sijifichi. Nilizaliwa nayo, lakini uwanja wa ndege wa Goma ndio ulioinoa, ile miaka ya hamsini, wakati mume wangu alikuwa na kazi ya kuita ndege.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege ikishatua, rubani hajui mapipa ya esansi, mafuta ya ndege, yako wapi, maana chini pote ni mawe meusi ya volkano, na pipa jeusi juu ya jiwe jeusi utaliona na nini? Basi mawe yaliyozunguka mapipa yalipakwa chokaa, na mume wangu alisimama pale na vitambaa vyeupe mikononi, anamuvuta rubani polepole mpaka mupira wa pompi, ule wa kujazia esansi, ufike kwenye bawa. Shida ilikuwa moshi. Injini zile zilitapika moshi muzito, chokaa ikageuka masizi, na yeye mwenyewe akamezwa humo. Nyumbani Katindo alikohoa mpaka mate yakawa meusi.

Alimuendea shefu, mukubwa wa uwanja, muzungu mumoja mwenye shingo nyekundu, akamuomba chokaa nyingine, na pia ndege zisimame zikielekea upepo ili moshi urudi nyuma. Shefu akamuchapa fimbo usoni. "Makako! Nyani wewe, unanifundisha ndege?" Chokaa yenyewe ilikuwa imeishia kwenye ukuta wa nyumba yake, sisi wote tuliiona.

"Acha hiyo kazi," nilimuambia nikimuosha damu. "Utakufa bure."

"Nikivunja kontra, mukataba wao ule, mama, ni kufungwa buloko."

"Buloko watu wanatoka!"

Nikavunja sahani ukutani, na sahani zenyewe hatukuwa nazo nyingi.

Mie na jirani yangu tulikuwa tunafua nguo za nyumba ya shefu. Huku kwetu hatuhangaiki na kamba. Nguo tunazitandaza juu ya mawe ya volkano, yanashika jua kama kikaango, shuka inakauka hujamaliza kukamua nyingine. Siku moja mbuzi walichafua mashuka ya shefu uani, akatuamuru tuyafue upya na kuyaanika kando ya uwanja wa ndege. Nikamuambia wazi: "Bwana, vitu vyeupe pale havifai, rubani atadanganyika." Akanipiga kofi, sikio likalia. Tukaanika.

Ndege ikatua. Upepo ukageuka, moshi wote ukatangulia mbele, ukafunika mapipa na mume wangu. Mie nilikuwa nimeenda nyuma ya mawe kujisaidia, nikaona yote kutoka pale. Rubani hakuona vitambaa, aliona mashuka. Akageuza ndege kuyafuata. Jirani yangu alikuwa ameinama anapindua shuka, mutoto mugongoni, na kwa vile makelele ya injini tuliyazoea, hakuinua hata kichwa. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruzika. Nani angesikia?

Mume wangu akachomoka ndani ya moshi, anakimbia. Akapita mbele ya ndege, akamusukuma jirani na mutoto wake wakaangukia shimo moja la kando, akageuka na kuinua mukono wa kuume kumusimamisha rubani. Helisi, lile panga la mbele linalozunguka, ikauchukua. Ulikatika kwenye kiwiko. Damu ikaruka juu ya mashuka yote, na kitambaa kikanasa kwenye chuma, kikazunguka nacho.

Injini ikazimwa. Shefu akaja mbio. Neno lake la kwanza, Yesu wangu, lilikuwa hili: "Helisi imepinda!" Akainua fimbo, akamuchapa mutu aliyelala ndani ya damu yake. Nikaokota jiwe, lile la volkano lenye makali, nikamuponda nalo kinywani. Akaanguka. Nikamukalia kifuani, nikaponda tena na tena, nikisikia meno yanavunjika, na sitadanganya: ilikuwa tamu. Askari walinitoa pale kwa vitako vya bunduki. Walinivunja ubavu.

Buloko nilipigwa, lakini si fimbo zilizonitesa. Sikujua kama mume wangu yuko hai. Kila mufungwa mupya nilimuuliza. Mumoja akasema wamemupeleka hospitali, mwingine akasema amekufa. Yule aliyesema amekufa nilimurukia, wakatutenganisha.

Shefu hakufa, basi miezi ilipopita waliniachilia, nikakimbia hadi Katindo, ubavu bado unachoma. Alikuwa amekaa mulangoni, ndizi juu ya goti, anahangaika kuimenya kwa mukono wa kushoto. Nilipiga magoti nikalia kwa sauti, majirani wakatoka nje.

Baadaye nikamuuliza: "Na moshi ule wote, wewe ulikimbilia nini?"

"Moshi ulipasuka kidogo, nikaona mashuka, na mwanamuke ameinama. Nikajua ni wewe."

"Haikuwa mie."

"Najua. Nilipokaribia nikaona mutoto mugongoni."

Sisi hatukuwa na mutoto. Kwa hiyo alijua. Alijua mapema, akiwa bado na mikono yake yote, na nafasi ya kurudi nyuma alikuwa nayo.

"Na hukusimama!" nilifoka. Nilitaka kumupiga, kweli kabisa, kuliko nilivyomupiga shefu.

"Mama," akasema, "nilikuwa nimeshafika."

Nikamunyang'anya ile ndizi, nikaimenya, nikamulisha.